Futi ya Mama Bonge

Maji yalikuwa yakimwagika bafuni kwa fujo, na Mama Bonge alijua kuwa ni maji ya kufunika sauti. Mtu anayeoga hamwagi maji namna hiyo. Anayeoga hujimwagia kopo moja, akajisugua, akatulia, akajimwagia jingine. Haya yalikuwa yanamiminwa sakafuni mfululizo, na katikati yake, ukiwa na masikio ya mtu anayetafuta jambo, ulisikia kikohozi kikavu kinachokatwa kabla hakijaisha.

Alisimama nje ya mlango wa bati na ndoo yake, kama anayengoja zamu. Nyuma yake walijipanga wapangaji wenzake na mataulo mabegani, na nyuma ya hao alisimama Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili, ambaye hakuwa na ndoo wala taulo. Huyo alikuja kusikiliza tu.

"Anachelewa leo," Mama Pacha akasema.

"Anajisafisha."

"Mimi sisemi kitu, Mama Bonge."

"Basi usiseme."

"Sisemi. Lakini mimi nimebeba mapacha. Sauti ile naijua."

Mama Bonge hakugeuka. Sauti ile hata yeye aliijua, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Alikuwa fundi cherehani, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika na wote isipokuwa serikali. Walimwita kwa mtoto wake, na mtoto alipewa jina na yeye mwenyewe. Katika ukoo wao watoto wembamba hawakuwa wanadumu. Alizika wawili kabla ya huyu. Basi alipojifungua kitoto chenye mashavu ya kubonyea na mikono yenye mikunjo, alimbeba ua zima akimwonyesha kwa watu: tazameni bonge langu. Watu wakalichukua jina, na sasa mtoto alikuwa msichana wa sekondari na bado aliitwa Bonge, ingawa kwa siku za karibuni lilianza kumkaa vibaya.

Mama Bonge alikuwa mtu wa kushuku, wala hakuona haya kusema. Alishuku mizani ya muuza sukari. Alishuku mwanamume yeyote anayekusalimia mara mbili kwa siku moja. Kuna mmoja tu aliyewahi kumwamini maishani, naye ni baba wa mtoto, ambaye aliondoka kwenda kutafuta kazi na mpaka leo anaitafuta.

Kwa hiyo dalili zilipoanza kujitokeza, hazikumpita. Binti anatapika asubuhi. Binti anavaa sweta la kuazima wakati wenzake wanajipepea. Binti anabeba sahani yake kwenda kula ndani peke yake, na sahani inarudi nyeupe kama iliyolambwa, ina maana anakula kwa watu wawili. Pakiti ya pedi aliyomnunulia haijafunguliwa. Wakati huohuo chakula kilikuwa hakitoshi na paka wa Mama Pacha ananenepa mpaka anatembea kwa kuyumba, na hilo nalo Mama Bonge alilishuku kivyake. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba kuna mtu anafunua sufuria yake ya maharage kumlishia paka. Yeye na Mama Pacha walikaa muda mrefu bila kusalimiana.

Hakumuuliza mtoto. Alifanya kile ambacho mtu wa kazi yake ndiye angekifikiria: alimpima. Kila alipomaliza gauni la Bosi, yule mwenye duka aliyempa kazi zote, alimwita binti ili alijaribu, kisha akaizungusha tumboni ile futi ya kitambaa aliyokuwa akiivaa shingoni kutwa nzima, akasoma haraka na kuiachia. Tumbo likiongezeka, basi. Lakini halikuongezeka. Lilipungua. Kila mara futi ilirudi nyuma kidogo, na kila iliporudi Mama Bonge alishusha pumzi, akatabasamu, akasema Mungu ni mwema. Safari moja alishuku kwamba mtoto anabana pumzi ili amdanganye, akamwambia aimbe huku anapimwa. Akaimba. Futi ikasema vilevile.

Alikuwa ameanza kulala vizuri, ndipo jana Bonge akaanguka kwenye mstari wa asubuhi shuleni. Mwalimu wa malezi hakumpa hata maji. Alimpa ujumbe kwa mama yake: asirudi shuleni bila karatasi ya hospitali. Hakusema karatasi ya nini, maana kila mzazi wa msichana anajua.

Mlango wa bati ukafunguka. Bonge alitoka amejitanda khanga hadi shingoni, macho mekundu, ananukia dawa ya meno.

"Shikamoo, Mama Pacha."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo kabisa?"

"Sijambo."

"Haya," Mama Pacha akasema, na neno lile lilikuwa refu kuliko mengi aliyowahi kusema.

Chumba chao kiligawanywa kwa pazia. Upande wa mlango kulikuwa na cherehani na rundo la magauni ya Bosi. Upande wa pili kitanda, na juu ya kitanda picha moja ndani ya fremu: Bonge siku ya kumaliza shule ya msingi, katika gauni la njano, mashavu yamejaa, meno yote nje. Mama Bonge alilishona gauni lile kwa mikono yake, akaacha kitambaa kingi ndani ya mishono, akiba ya kulitanulia mtoto atakapokua. Hakuna picha aliyoipenda kuliko hiyo.

Alimwekea chai na mkate. "Kula hapa nikuone."

"Nitakula njiani."

"Kula hapa."

Bonge akakaa, akaanza kumega mkate vipande vidogo, akivipanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayecheza bao. Simu ikaita. Ilikuwa Bosi.

"Fundi wangu, umeamkaje? Leo alasiri nipe binti, nina picha za kupiga. Na yale magauni ya mwisho, nibanie zaidi kiunoni. Watu wanataka kiuno."

"Nimeyabana tayari, bosi."

"Banabana tena kidogo. Wewe mkono wako nauaminia."

Ilianza kwa sababu ya sanamu. Sanamu ya dukani ya kuvalishia nguo ilianguka ikavunjika, Bosi akaomba Bonge avae gauni moja tu apigwe picha, na watu wa mtandaoni wakaipenda. Wakampa jina la Mdoli. Bosi akawa anamwita mara kwa mara, akisema mtoto ana sura ya picha na mama ana mkono wa dhahabu, na Mama Bonge akavikwa kilemba cha ukoka akakivaa mpaka kwenye nyusi. Nani asingefurahi? Mtoto wa chumba kimoja, anapendwa na watu asiowajua.

Alipokata simu na kugeuka, sahani ilikuwa nyeupe. Paka wa Mama Pacha alikuwa anatoka chini ya pazia akijilamba masharubu. Mama Bonge akamrushia ndara.

"Na huyu naye ameingia saa ngapi?"

"Sijui," Bonge akasema.

Zahanati ilikuwa na madirisha kadhaa na benchi moja. Kwenye dirisha la kwanza ulieleza shida yako, na tundu la kioo lilikuwa limetobolewa chini kabisa, kwa hiyo ili karani akusikie ilibidi uiname na upaze sauti hadi benchi zima nalo likusikie.

"Shida?" karani akauliza.

Mama Bonge akainama. "Kipimo cha binti."

"Kipimo cha nini?"

"Kile."

"Mama, hapa kuna malaria, kuna sukari, kuna minyoo. Kile ndiyo kipi?"

"Cha mimba," Bonge akasema nyuma yake kwa sauti ya kawaida.

Benchi likageuka. Mama Bonge alimtazama mwanawe akamshuku upya, maana kwa hesabu yake mtoto asiye na kosa angepaswa kuona haya. Walipopewa kikopo alimfuata mpaka chooni akasimama mlangoni, ahakikishe mkojo ni wa mwenyewe.

Muuguzi aliyewaita alikuwa msichana mwenye kucha ndefu na simu ndani ya mfuko wa koti lake jeupe. Alikishika kile kijiti cha kipimo, akakitazama, akakitupa.

"Hana."

"Hana nini?"

"Hana mimba, mama. Hongera." Akachukua karatasi, akaandika, akaigonga muhuri.

Mama Bonge aliketi bila kukaribishwa na machozi yakamtoka, ya raha ya kweli, raha ya mtu aliyetua mzigo. Lakini haikukaa. Alikuwa ameshazoea kuwa na jibu, na sasa jibu limechukuliwa na maswali yamebaki palepale.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Kipimo. Pengine kimekosea."

Muuguzi akamtazama vizuri. "Wenzako hulia kikisema ndiyo. Wewe unalia kikisema hapana?"

"Sasa kama hana, anatapika nini? Jana ameanguka. Siku zake hazioni."

"Mmelipia kipimo cha mimba, na majibu nimewapa. Kutapika ni kwa daktari. Daktari mnaanza upya dirisha la kwanza, na leo hayupo, yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya afya ya vijana."

Akamsogezea Bonge karatasi, na hapo ndipo alipomwangalia usoni kwa mara ya kwanza. Uso wake ukabadilika, ukawa wa rafiki.

"Hebu ngoja. Wewe si Mdoli?"

Bonge akatazama sakafu.

"Tangu mmeingia najiuliza nimekuona wapi. Niambie ukweli, dada, ile chai unakunywa asubuhi au usiku? Mimi niko pakiti ya pili na tumbo liko palepale."

"Usiku," Bonge akasema.

"Na chakula?"

"Unakiacha kidogokidogo."

"Kumbe hapo ndipo ninapokosea." Muuguzi alimtazama kuanzia mabegani mpaka miguuni kwa kijicho kisicho na ubaya. "Mama, mtoto ana mwili umetulia. Mshukuru Mungu."

Mama Bonge alikuwa bado ameketi. "Chai gani?" akauliza, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mwingine ameshaitwa.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati, alimshika binti yake mkono juu ya kiwiko. Vidole vyake vilikutana upande wa pili. Kwa futi aliwahi kumpima tumbo mara zisizo na idadi, na mkono huu hakuwahi kuugusa.

"Chai gani, Bonge?"

"Ya Bosi. Ya kupunguza mwili. Ni majani tu, mama, kila mtu anakunywa."

"Mimi sinywi."

"Wewe humo mtandaoni."

"Ndiyo inayokutapisha?"

"Chai haitapishi. Chai inaharisha." Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto mdogo. "Kutapika ni mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

Bonge alifikiri. Hakuwa mbishi, hakuwa na hasira. Alitafuta jibu la kweli akalipata.

"Kwa sababu nikila, kinabaki."

Mama Bonge alijua jambo moja, kwamba kwenye kila uovu kuna mtu, na mtu huyo ana mahali anapopatikana. Alimpigia simu Mama Pacha, ambaye hakuwa amempigia tangu ugomvi wa maharage.

"Bonge anakuja huko. Nakuomba ukae naye mpaka nirudi."

"Kipimo kimesemaje?"

"Hana."

"Basi mwache aje," Mama Pacha akasema.

Duka la Bosi lilikuwa na mlango wa kioo na harufu ya manukato. Pembeni kulikuwa na taa kubwa ya duara, na mbele ya taa fremu ya mlango mweupe usioelekea popote, umejengwa kwa ajili ya picha tu. Mama Bonge alikuwa akiingia humo kwa mlango wa nyuma, anatua mzigo wa nguo, anapokea vitambaa, anaondoka. Leo aliingia kwa mbele. Kwa hiyo aliona ukuta ambao hakuwahi kuuona.

Bango lilianzia karibu na dari. Upande wa kushoto lilisema KABLA, na chini yake alisimama mtoto wake katika gauni la njano, mashavu yamejaa, meno yote nje. Upande wa kulia lilisema BAADA, na hapo alisimama mtu wa kiuno cha kushikika kwa viganja, katika gauni la mistari. Chini ya wote wawili waliandika: KUTOKA BONGE HADI MDOLI. Pakiti za chai zilipangwa mezani, na kila pakiti ilikuwa na picha zilezile, ndogondogo.

"Fundi wangu, leo umepita mbele kama mteja," Bosi akasema. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mchangamfu, mwenye kujua kuongea na mtu akajiona wa maana. "Mdoli yuko wapi? Taa zimeshawaka."

"Hii picha umeipata wapi?"

"Ya njano? Alinipa mwenyewe. Ndiyo inayouza chai, mama. Watu wanataka waone alikotoka."

"Huyu hapa alikuwa anaumwa nini?"

Bosi akacheka. "Hakuwa anaumwa. Alikuwa bonge tu. Si ndivyo mnavyomwita nyumbani?"

Mama Bonge alikuja na maneno mengi, ameyapanga njia nzima, na lile moja likayafagia yote.

"Anajitapisha," akasema mwishowe. "Jana ameanguka shuleni."

"Jamani. Pole sana." Bosi alitupa jicho mlangoni kuona kama kuna mteja anayesikia. "Lakini chai yangu haitapishi, muulize yeyote. Na mimi sijamwambia atapike. Nilimwambia ana sura ya picha. Wewe ulikuwepo, mama, ukacheka na kupiga makofi."

Ilikuwa kweli. Hakuwa na pa kuiweka kweli ile, akageuzia macho bangoni, na hapo jicho la kazi likamwonyesha kitu. Gauni la mistari alilikata yeye. Alihangaika nalo siku nzima ili mistari ishuke wima bila kuyumba, maana mistari haimwonei fundi haya. Lakini pale ukutani ilikuwa imejikunja kuingia kiunoni kama imevutwa kwa uzi. Na nyuma yake fremu ya mlango mweupe nayo ilikuwa imepinda. Akageuka kuutazama mlango wenyewe pale pembeni. Ulikuwa wima.

"Hii picha ni ya uongo," akasema. "Mlango umepinda."

"Tumeipendezesha kidogo tu. Kila mtu anapendezesha."

"Itoe."

"Hii nitaitoa, mama, ukitaka. Zile zilizo kwenye simu za watu nitazitoaje?"

"Basi mtoto haji tena. Leo wala kesho."

"Sawa." Bosi hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Mabinti wa kupiga picha wananipigia kila siku. Na mafundi nao wananipigia."

Mama Bonge akafungua mkoba, akatoa mkasi wake wa kazi. Bosi alirudi nyuma hatua moja. Lakini fundi alivuta kiti, akapanda, akakata bango katikati kuanzia juu mpaka chini, kama anayefuata chaki kwenye kitambaa. Akaibandua KABLA, akaikunja kwa uangalifu isivunjike usoni, akaitia kwapani. BAADA akaiacha ikining'inia.

"Nitachapisha jingine kabla ya jioni," Bosi akasema. "Na magauni yangu niletee yote. Hata ambayo hayajaisha."

Njia ya kurudi aliitembea kwa mwendo wa mtu aliyeshinda. Kazi imekwenda, ndiyo, na kodi ya chumba haijui sababu. Hayo angeyalia baadaye. Aliyekuwa anamwibia mtoto amemkamata na ushahidi mkononi. Mtoto amedanganywa, mtoto ataonyeshwa, mtoto atapona. Yeye alijiona mjinga kwa kutougundua mlango ule mapema.

Mama Pacha alikuwa ameketi kizingitini mwa chumba chao, paka kajilaza pajani.

"Amekula," akasema kabla hajaulizwa. "Nimempa wali. Nimekwenda tu kuzima jiko, narudi, kamaliza sahani nzima."

Mama Bonge akamtazama paka. Paka alikuwa anajilamba masharubu. Mama Pacha naye akainamisha macho, akamtazama paka, kisha akaitazama sahani nyeupe pale sakafuni.

"Kumbe maharage," Mama Pacha akasema taratibu.

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nenda ndani kwa mtoto."

Bonge alikuwa kitandani chini ya picha ya fremu, amejifunika shuka na sweta juu yake. Mama Bonge aliketi pembeni yake, pumzi zinampaa.

"Fungua simu yako. Nionyeshe ile ya gauni la mistari."

Bonge akafungua.

"Sasa tazama hapo nyuma yako. Mlango huo. Unauona? Umepinda. Na mistari hii niliikata mimi, najua ilivyoshuka. Wamekukunja kiuno kwa mashine. Hakuna mtu duniani mwenye kiuno hiki. Hata wewe huna."

"Najua," Bonge akasema.

"Unajua nini?"

"Niliipinda mimi. Bosi alinionyesha namna." Akaweka kidole kwenye kioo cha simu, akavuta. Kiuno kikaingia ndani, mlango ukapinda. Akarudisha, mlango ukanyooka. Akavuta tena. "Unabonyeza hapa, unavuta. Rahisi."

Mama Bonge aliutazama ule mlango ukienda na kurudi. Ushindi wote aliotoka nao dukani ukamwisha mwilini.

"Sasa kama unajua ni uongo, unajitesa kwa nini?"

"Watu wameshaiona hii, mama. Nikikutana nao njiani wananiangalia kwa kutafuta hii."

Mama Bonge aliinuka. Mikono yake, ikikosa la kufanya, ikaenda shingoni kama ilivyozoea, ikavua futi.

"Simama kidogo nikutazame."

Bonge akasimama, akainua mikono bila kuambiwa, akafunua sweta. "Tumbo tena?"

Mkono wa Mama Bonge ukasita. "Ulikuwa unajua nakupima tumbo?"

"Kila mara."

"Na ulijua kwa nini?"

"Nilijua." Alimtazama mama yake kwa macho makubwa, makubwa kupita uso uliokuwa umebaki. "Ulikuwa unasoma halafu unashusha pumzi. Ikipungua ulitabasamu. Ile siku uliyoniambia niimbe, ulicheka kabisa, ukasema Mungu ni mwema. Nikasema kumbe hata mama anapenda."

Mama Bonge alitaka kumwambia. Alitaka kusema nilikuwa naogopa kitu kingine kabisa, nilikuwa nakuogopea mimba, sikuwa nafurahia huko kupungua, naapa. Maneno yalijaa mdomoni, akaona kwamba kila moja litamwambia mtoto jambo jingine la kuumiza: kwamba muda wote ule, mama yake alikuwa amemshika kwa mikono miwili na hakumwona. Alilia mbele yake, jambo asilowahi kulifanya tangu mtoto apate akili. Bonge aliendelea kusimama mikono juu, hajui kama ameruhusiwa kuishusha.

"Shusha mikono, mwanangu. Shusha."

Jina lile lilikuwa ulimini na halikutoka.

Akaviringisha futi akaitia ndani ya droo ya cherehani, akasukuma droo mpaka ikagota. Akapakua wali uliobaki kwenye sufuria aliyoileta Mama Pacha, sahani moja, vijiko viwili. Paka alikuwa ameshafika kizingitini. Akafunga mlango mbele ya pua yake.

Walikula wakitazamana. Mama alikula kwa kujilazimisha ili mtoto aone jinsi inavyofanywa. Binti alichukua nusu kijiko, akatafuna muda mrefu, akameza, akachukua nusu nyingine. Baada ya hapo akaweka kijiko chini na vidole vyake vikaanza kuvuta uzi wa sweta.

"Naomba niende bafuni."

"Baadaye."

"Mama."

"Baadaye, mwanangu. Kaa kwanza."

Akavuta kigoda chake, akakiegemeza mlangoni, akakikalia. Mezani ilikuwapo karatasi ya zahanati yenye muhuri wa bluu: mwanafunzi amepimwa, hana tatizo, anaweza kuendelea na masomo. Kesho mwalimu wa malezi angeisoma, angeridhika, angeiweka kabatini. Mama Bonge hakujua kesho yeye atampeleka mtoto dirisha gani, wala kama kuna zahanati yenye dirisha hilo. Alijua tu kwamba kutoka kwenye kigoda hiki haondoki.

Akanyoosha mkono, akaliangua gauni la shule msumarini. Mishono ya ubavuni aliibana yeye mwenyewe, tena na tena, kila lilipoanza kumlegea mtoto, akidhani kitambaa kimetanuka kwa kufuliwa. Kitambaa chote bado kilikuwamo ndani, akiba yake. Akashika wembe, akaanza kufumua kuanzia kwapani.

Binti alimtazama kwa muda. "Litanipwaya, mama."

"Na lipwaye."

Akaendelea kukata nyuzi moja moja, mgongo wake mlangoni, na nje paka anakwaruza.